Mvuke kwenye mabawa, hivi ni kweli au tunapigwa changa la macho?

rubani_wa_kiti: Wakuu habari, kuna kitu kinanikera kitambo. Simuleta ninayorusha (gemu ya ndege), kila nikivuta joistiki mpaka 5G, yaani mkandamizo wa mara tano ya uzito, basi ndege yangu ya kivita F/A-18 yote inafunikwa ukungu mweupe, iwe alfajiri juu ya bahari iwe saa nane mchana jangwani, ni ule ule tu. Jana nikarudia rekodi polepole nikaona ukungu wa juu ya bawa unaburuzika nyuma kama mkia, unafika urefu wa ndege tatu hivi ndo unapotea. Ndo inavyokuwa kweli? Na nikiuzima fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zitapanda?

MekaPepo: Jicho lako zuri mkuu. Ule mvuke hautoki kwenye ndege, ni unyevu uliokuwepo hewani tayari. Hewa ikipita juu ya bawa inakimbia, presha inashuka, hewa inatanuka na kupoa ghafla, ikipoa kupita kiwango cha umande ndo unaona vitone vyeupe. Ikishalivuka bawa presha inarudi na vitone vinakauka hapo hapo, kwahiyo huo mkia wa ndege tatu ni chumvi. Ila kamba nyembamba zile za kwenye ncha za bawa na pale mabawa yanapoanzia kwenye F/A-18 zinaruhusiwa kuwa ndefu, maana hewa pale inajisokota na katikati ya msokoto presha inabaki chini. Jangwani kwenye hewa kavu unaweza kuvuta 7G usione kitu, wakati kwenye unyevu mwingi hata ndege ya abiria inayotua taratibu na flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zimeshushwa inaota ukungu juu ya mabawa. Hiyo yako nahisi inaangalia G tu, unyevu haiulizi.

Koni_Nyeupe: Naongezea, ile koni ya ukungu inayoizunguka ndege nayo watu wanaielewa vibaya, wanadhani ikitokea tu basi ndege imevuka kasi ya sauti, kumbe inaweza kutokea hata kabla ya Mach 1. Ile picha ya 1999 ya F/A-18 ikiwa ndani ya koni juu ya Pasifiki ndo imetuharibu wengi 😂 Na mistari ya juu kabisa angani ni habari nyingine, ule ni mvuke wa injini unaganda barafu kwenye baridi ya kama nyuzi -40.

kona_kali: Usizime aisee! Mi kwenye kukimbizana naangalia mabawa ya adui, yakiota ukungu najua kavuta kwa nguvu na kasi yake inaisha, namwacha azunguke mwenyewe napanda juu namsubiri. Ukizima umejipofusha. Punguza ubora wa chembe tu (zile zinazochora ukungu kwenye gemu), ule ukungu unaoonyesha nyuma yake ndo unaikamua kadi ya picha hasa ukijaa kioo chote.

rubani_wa_kiti: Nimejaribu saa hii, chembe nimeweka za kati, kwenye kona ile ile fremu toka 48 mpaka 61. Jangwani bado inatoa ukungu kama birika lakini poa, nimeamua jangwani nisivute.

kona_kali: Hahaha utatunguliwa.