Ugumu wa kozi chuoni unapimwaje? Uhandisi ujenzi, aktuaria au sheria

Wakuu, salaam. Dogo wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) yuko njia panda kati ya uhandisi ujenzi na aktuaria (hesabu za hatari za bima na pensheni), mwenzake wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) anataka sheria. Wote wanaambiwa "hiyo ngumu, utadisko", yaani utafeli na kuondolewa chuoni. Mtu anaupimaje ugumu kabla hajajaza maombi?

Pima_Maji: Mkuu, jina la kozi halisemi kitu. Fungua mtaala uone krediti. Kwa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kazi, darasani na kujisomea pamoja. Somo la krediti 12 ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15 ni saa 8 kila wiki. Toa zilizo kwenye ratiba, zinazobaki ni deni lako. Muhula wa krediti 60 unakula saa 40 kwa wiki.

Halafu tazama masomo yanavyobebana. Hapo ndipo uhandisi ujenzi unapoumiza. Ukikosea kani ya egemeo moja la boriti, mchoro wa kani mkato (inayotaka kuikata boriti) unaharibika, wa momenti (inayoipinda) nao, na nondo utakazopanga si zenyewe. Aliyebabaisha mwaka wa kwanza anakamatwa wa pili.

Mleta uzi: Dogo ni mzuri wa kukariri, mkuu.

Kokotoa: Basi aktuaria aiogope kidogo. Fomula atazijua, ila swali halimwambii atumie ipi. Na digrii haimalizi kazi, ipo mitihani ya bodi. Ule wa uwezekano wa bodi ya Marekani ni maswali 30 kwa saa 3, yaani dakika 6 kila swali. Achukue maswali 10 ya uwezekano ya kidato cha sita, aweke saa mezani. Akiyamaliza ndani ya saa moja bila kuchungulia daftari, aombe.

Mwana_Mahakama: Wa HGL asidanganywe na ratiba yenye nafasi. Nafasi hizo ni za kusoma hukumu na kuchomoa sababu ya uamuzi. Mtihani unaleta mkasa. Ukimwaga vifungu bila kuvifunga kwenye mkasa, alama huzioni. Uwakili nao unapitia Shule ya Sheria, mwaka mmoja baada ya digrii: matokeo ya 2022, kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu bila sapu (mtihani wa marudio). Ahesabu na huo mwaka wa ziada.

Mleta uzi: Na penye alama 40 za ndani (majaribio na kazi za muhula) na 60 za mtihani wa mwisho?

Pima_Maji: Kama kufaulu ni 40 na ana 14 za ndani, anahitaji 26 kwa 60. Akiwa na 28, anahitaji 12. Majaribio ya wiki ya tano asiyachezee.