Nyie mnaotengeneza vikokotoo vya mshahara mtandaoni mnatugombanisha na watu makazini!

Wakuu salama? Mods naomba msiunganishe huu uzi na zile za kikokotoo cha wastaafu, hayo ni mengine. Naongelea vikokotoo vya mtandaoni vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na mikopo, maana siku hizi kila anayejua kuandika programu kidogo anatupia kimoja, anajaza matangazo ya kubeti, anasepa.

Mi kazi yangu ni kuandaa mishahara, kaofisi ka kawaida tu. Mwisho wa mwezi kaja kaka wa stoo simu mkononi kakunja uso, "dada hela yangu elfu themanini na nne iko wapi?" Tena kwa sauti, watu wote wamegeuka. Mshahara wake 1,200,000, slipu inasema anabaki na 928,000, simu yake inasema 1,012,000. Nikaomba nione hiyo kitu. Haina sehemu ya NSSF, yaani mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kabisa! Imebeba 1,200,000 nzima nzima ikaipeleka kwenye jedwali la kodi, ikatoa PAYE 188,000, kazi imeisha. Wakati mchango wake wa asilimia 10, yaani 120,000, unatoka KWANZA, inabaki 1,080,000 ndo inatozwa kodi, 128,000 ya ile milioni ya kwanza jumlisha asilimia 30 ya 80,000 iliyozidi ambayo ni 24,000, jumla 152,000. Kwa hiyo hiyo websaiti imemkata kodi kubwa kuliko TRA (mamlaka ya mapato) wenyewe halafu bado imemwambia anabaki na hela nyingi, na mwizi nikaonekana mimi.

Tukafungua nyingine, 892,000. Hii NSSF inaijua ila inakata kodi kwenye mshahara wote ndo baadaye inatoa mchango. Ya tatu 925,500, hii ndo ilinimaliza kabisa, kwa sababu ukiona imepishana 2,500 kamili ujue jamaa bado yuko na jedwali la zamani, lile la asilimia 9 kwenye ngazi ya 270,000 mpaka 520,000, na ilishashuka kuwa asilimia 8 tangu Julai 2021. Halafu chini kabisa imeandikwa imesasishwa mwaka huu! Mwaka unajibadilisha wenyewe kila Januari, jedwali hakuna aliyeligusa. Huo ni utapeli tu, tusipeane majina mazuri.

Na hapo sijagusa wale wenye deni la bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, vingi hata kisanduku cha kuuliza hakuna.

Kingine ukiandika 1,200,000 na koma zake kama binadamu wa kawaida anavyoandika, kuna vingine vinasoma 1 peke yake halafu vinakuletea PAYE sifuri bila hata kukwambia kuna tatizo. Si bora kigome kuliko kudanganya?

Vya mikopo sasa ndo balaa. Mtu anataka 2,000,000 miezi 12 riba asilimia 3 kwa mwezi, kikokotoo kinamwambia rejesho ni kama 200,900, anaona hii naiweza. Anafika kwa mkopeshaji anaambiwa 226,667. Riba ni ileile asilimia 3, ila kikokotoo kimepiga kwenye salio linalopungua na mkopeshaji anapiga flati, 60,000 kila mwezi mpaka mwisho hata kama deni limebaki robo. Mwisho wa mwaka ni zaidi ya laki tatu tofauti. Mtengenezaji angeweka tu mstari mmoja wa kusema hii ni riba ya aina gani angekufa?

Msiniambie "ni bure mnalalamika nini". Watu wanakubali kazi na wanasaini mikopo kwa hizo namba. Hatutaki rangi wala michoro, tunataka mtuonyeshe hesabu hatua kwa hatua, NSSF imetoka wapi, kodi imepigwa kwenye kiasi gani, jedwali ni la kuanzia lini. Na hivyo viwango viwekeni sehemu moja kwenye programu ili vikibadilika mrekebishe hapo tu, bajeti inasomwa kila Juni, sio siri. Ukichoka kukitunza kitoe hewani.

Haya, wenye vikokotoo vyenu humu leteni linki tuzijaribu hadharani. Kiasi kinachotozwa kodi kikiwa 270,000 PAYE iwe sifuri, 520,000 iwe 20,000, 760,000 iwe 68,000, 1,000,000 iwe 128,000. Kikikosea hata kimoja naweka skrinishoti hapahapa, na yule wa asilimia 9 kama uko humu ndani anza wewe.