Naomba ushauri, wapi pa kunywea waini mbali na baa

Wakuu habari za jioni, niko Moshi, mke wangu anatimiza miaka 40 Jumamosi na kasema baa hataki kabisa, makelele yamemchosha. Nina chupa ya waini nyekundu ya Dodoma, nataka tuinywee sehemu ya ajabu ajabu kidogo. Nimewaza Ziwa Chala kule Rombo, tukae juu ukingoni tuangalie maji na upande wa pili Kenya ileee, maana kushuka mpaka chini na glasi mkononi mmh, kupanda atanibeba nani. Kule chemchemi za Chemka nako wikiendi watu kama sokoni. Au Materuni pale kwenye maporomoko? Waliowahi nisaidieni, na hii waini naibebaje isichemke njiani na jua hili?