Kwa nini Pemba ina ndege wasiopatikana pengine popote?

Mwanafunzi, Wete
Assalamu alaykum wakubwa zangu. Tumefundishwa skuli kwamba Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana pahala pengine duniani, wakiwemo ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, ilhali Unguja, iliyo kubwa zaidi, haina hata aina moja kama hiyo. Iwapo aina mpya hutokana na babu mmoja, imekuwaje kisiwa kimoja kijaaliwe na kingine kikose?

Maalim wa Biolojia, Chake Chake
Wa alaykum salaam mwanangu. Jawabu liko chini ya bahari. Yapata miaka 20,000 iliyopita, katika enzi ya barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa kiasi cha mita 120, na mkondo ulio baina ya Unguja na bara, ambao haufikii kina hicho, ulikuwa nchi kavu. Mkondo wa Pemba una kina cha zaidi ya mita 500, kwa hivyo Pemba ilibaki kisiwa hata wakati huo. Ninga wachache waliovuka zamani wakazaana wao kwa wao, na kila badiliko dogo la kurithi lililozuka kwao likabaki humo humo, bila ya kuchanganyika na damu ya wenzao. Mtazame anapokula matunda mtini: kichwa, shingo na kifua ni vya kijivu, ilhali ninga wa bara ni wa kijani.

Msomaji, Mjini Unguja
Kwa idhini ya Maalim, naongeza. Ninga wa Pemba hakutokana na ninga wa bara tunayemwona leo. Wote wawili wametokana na babu aliyewatangulia, na huyo wa bara naye amekuwa akibadilika. Wala si kila mnyama wa Pemba ana asili ya Afrika: popo mkubwa wa Pemba jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia, na bara la Afrika halina hata mmoja wa jenasi yake, yaani kundi la aina zilizo jamaa wa karibu.

Mwanafunzi, Wete
Nashukuru sana. Na kima punju je, ambaye asili yake ni Unguja tu, ikiwa Unguja iliungana na bara?

Maalim wa Biolojia, Chake Chake
Umeuliza la maana. Kinachotenganisha si lazima kiwe bahari. Kima punju huishi mitini na hula majani, kwa hivyo msitu unapokatika, mbuga iliyo wazi humzuia. Ndege angeruka akapita. Jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya milima ya Udzungwa, huko bara. Ama wale wa msitu wa Ngezi, huku Pemba, waliletwa na watu miaka ya 1970, nao bado ni kima punju wale wale wa Unguja.