Divai yetu ya asili imeshika ladha ya panya na mzee hataki kusikia neno salfa. Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Mizabibu:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, leo ni siku ya tatu sijalala vizuri.

Familia yetu ina shamba la mizabibu, hekta 4. Tunalima kwa njia ya bayodainamiki tangu nikiwa mdogo: hatupigi dawa za viwandani, tunazika samadi ndani ya pembe za ng'ombe kabla ya baridi, tunazifukua baridi ikiisha, tunakoroga gramu 100 hivi kwa hekta kwenye maji saa nzima, upande huu kisha upande ule, ndipo tunanyunyiza. Divai inachachuka kwa hamira iliyokuja na zabibu zenyewe. Hatuchuji wala hatuongezi kitu.

Sasa kuna matangi mawili ya nyekundu, lita 1,000 kila moja, na nimesikia harufu ya panya. Wiki ijayo tunajaza chupa. Nimwambieje mzee akubali tuweke salfa kidogo, ile ya kuzuia divai isiharibike? Anasema kuliko salfa, bora ang'oe mizabibu yote.

Bibi_Kichala:
Pole mwanangu, lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mheshimu baba yako. Sisi tulikuwa na mizabibu na marehemu mume wangu. Mwaka mmoja mvua haikukatika, naye akakataa kupuliza hata mrututu, ambao wakulima wa kilimo-hai wanauruhusu kwa kiasi. Majani yakaanza na madoa ya manjano kama yamedondokewa mafuta, ukigeuza chini unakuta utandu mweupe. Vichala vikakauka vikiwa bado vichanga. Tulivuna ndoo saba. Nilikaa naye miaka mingine kumi na miwili na sikuwahi kumlaumu.

Akili_Kwanza:
Shida ni hizo pembe. Rudolf Steiner, mwanzilishi wa hiyo bayodainamiki, alitoa mihadhara yake ya kilimo pale Koberwitz mwaka 1924, mwaka uliofuata akafariki, na hakuwa mkulima. Watu mnazika pembe hadi leo halafu mnashangaa divai kuharibika.

Kijana_wa_Pembeni:
Nasubiri panya mwenyewe aje atoe maelezo 😂

Fundi_wa_Pipa:
Pembe hazihusiki hapa, tuziache. Ladha ya panya huletwa na bakteria wa asidi ya laktiki, au hamira ya Brettanomyces, hasa asidi ikiwa hafifu, hewa ikapenya na salfa haipo. Na ujue kabisa: salfa inasaidia kuzuia, ladha ikishaingia usiitegemee kuiondoa. Kuna divai ambazo hutulia zikikaa miezi kadhaa, nyingine hazitulii kamwe.

Nijibu matatu. pH, yaani kipimo cha asidi, ni ngapi? Ulionja lini? Kuna kitu umeshaweka?

Mtoto_wa_Mizabibu:
pH ni 3.8. Nilionja Jumapili. Hilo la tatu sidhani kama lina umuhimu.

Fundi_wa_Pipa:
Hilo ndilo ninalolisubiri.

Mtoto_wa_Mizabibu:
Sawa. Jumapili usiku, mzee akiwa amelala, nilitia metabaisalfaiti ya potasiamu, ule unga wa salfa, gramu 50 kwenye tangi la kwanza. La pili sijaligusa.

Msinihukumu haraka. Mwaka juzi tulimwaga pipa zima na mama alilia. Halafu hata hamira yenyewe hutoa salfaiti, yaani hiyo hiyo salfa ya divai, kidogo inapochachua. Demeter, ambao ndio wenye nembo ya bayodainamiki, wanairuhusu kwa kikomo. Tatizo ni lebo, zimeshachapishwa: "Bila salfaiti iliyoongezwa". Nikisema sasa zote zinakuwa takataka. Nafikiri tujaze tu, mwakani nitamwambia mzee taratibu.

Bibi_Kichala:
Kumbe ulikuja kuuliza ukiwa umeshatenda.

Fundi_wa_Pipa:
Karibu asilimia 57 ya uzito wa unga huo ndiyo dioksidi ya salfa, ambayo ndiyo tunayoiita salfa kwenye divai. Gramu 50 ndani ya lita 1,000 ni kama miligramu 28 kwa lita. Si nyingi. Ufaransa tangu 2020 wana hati ya "Vin Méthode Nature" yenye nembo mbili: moja ya divai isiyoongezwa salfaiti, nyingine ya iliyo chini ya miligramu 30. Maana yake hata wapenzi wa divai ya asili wana mahali pa kuiweka divai yako, ila si chini ya lebo hiyo. Mtu anayenunua kwa sababu ya maneno yale, pengine kifua chake hakipatani na salfaiti, amekuamini wewe. Na usiku ule uliandika kwenye daftari la ghala? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nondo_Tupu:
Wakuu hii ni chai. Rudini post ya kwanza: "nimesikia harufu ya panya". Ladha ya panya hainuki kwenye tangi. Asidi ya divai inaifunga, unaipata baada ya kumeza, mate yakishapunguza asidi. Mwenye divai kweli angelijua hilo. Kuna mtu anatunga hadithi mnamsaidia kuandika.

Akili_Kwanza:
Hata mimi nilihisi. Hekta 4, pembe, mama analia. Imenyooka mno.

Mtoto_wa_Mizabibu:
Sikusema nilinusa tangi. Koki ya tangi la pili inavuja kidogo. Nilifuta tone kwa kiganja, nikaendelea kufagia, baadaye nikajikuna pua. Ndipo nikaisikia, kama kizimba cha panya na ganda la mkate. Nikarudi nikasugua divai ya matangi yote mawili mikononi, nikanusa: kushoto la kwanza, kulia la pili. Kulia kulizidi. Ndiyo maana niliwahi lile la kwanza, nikidhani bado linaokoleka. Asiyeamini asiamini, mimi nina chupa za kujaza.

Fundi_wa_Pipa:
Nondo, ngozi asidi yake ni hafifu kuliko ya divai, ndiyo maana kiganja kinaifungua. Hata sisi hupima hivyo, au tunatia chembe ya magadi glasini. Huyu hatungi.

Nondo_Tupu:
Hilo la kiganja sikulijua. Nakuomba radhi mkuu. Lakini mwambie baba yako.

Mtoto_wa_Mizabibu:
Mrejesho. Jana jioni nilimwambia mzee akiwa anafunga lango la ghala. Hakupaza sauti. Aliuliza gramu ngapi, nikamtajia, akaniambia niandike kwenye daftari na tarehe yake ya kweli. Tangu hapo hajanisemesha. Leo asubuhi nimekuta boksi la lebo limefunguliwa, zinazotosha chupa 1,300 zimetolewa na kufungwa kwa kamba, zimewekwa pembeni.

Bibi_Kichala:
Na tangi la pili?

Mtoto_wa_Mizabibu:
Amesema halijazwi wiki ijayo. Koki nimebadilisha. Kila asubuhi naonja, nameza, nahesabu hadi ishirini. Leo imekuja nilipofika kumi na nne.