Gia boksi ya Yamaha 40 inaingiza maji: nibadilishe sili au ninunue ya mtumba?

Mvuvi_Kilwa: Wakuu, habari za kazi. Mashine yangu ya boti ni Yamaha 40. Jana nimemwaga oili ya gia, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi mmoja anasema nibadilishe gasketi za skrubu za oili tu, mwingine anataka sili zote (mipira inayozuia maji kwenye shafti), na kuna mtu ananiuzia gia boksi ya mtumba. Nifuate lipi?

Fundi_Tanga: Pole mkuu. Usinunue kitu kabla ya kupima. Fungua mguu (sehemu ya chini yenye gia boksi), mwaga oili yote, funga skrubu ya chini, tundu la juu unganisha pampu ya baiskeli yenye geji. Jaza upepo psi 10, zamisha kwenye pipa la maji, zungusha shafti taratibu kwa mkono. Panapovuja patatoa mapovu. Kompresa ya gereji isiyodhibitiwa itaharibu hata sili nzima. Gasketi badilisha kila unapomwaga oili, hilo halina mjadala.

MamaDagaa_Mwanza: Mimi nachagua mtumba. Boti ikikaa nchi kavu wiki nzima kusubiri sili, vijana wangu watakula nini? Mtumba unafungwa asubuhi, usiku wako ziwani.

Fundi_Tanga: Nakuelewa Mama, ila huo mtumba nao upimwe upepo palepale kwa muuzaji, la sivyo umenunua ugonjwa uleule. Mkuu wa Kilwa, chuja oili uliyomwaga. Unga laini wa chuma ni kawaida. Ukikuta vipande vya meno ya gia, hapo nakubaliana na Mama.

Bahari_Lamu: Toa na panga (propela). Nyuma yake mara nyingi mshipi wa nailoni umejisokota ukakata sili. Pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukinasa, pamelika, na sili mpya itavuja vilevile. Fundi anayejua kazi huisogeza sili kidogo ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima. Kabla ya kung'oa za zamani, angalia zimeelekea wapi.

Kijana_Feri: Huku kwetu wengine wanajaza grisi badala ya oili ili maji yasiingie.

Fundi_Tanga: Usithubutu! Grisi nzito haizunguki, gia na beringi zinaungua.

Mvuvi_Kilwa: Ahsanteni sana. Oili haina vipande. Nimepima: kwenye panga kukavu, mapovu yanatoka juu, chini ya pampu ya maji.

Fundi_Tanga: Basi ni sili za shafti ya wima, achana na mtumba. Pampu lazima itoke ndipo uzifikie, kwa hiyo weka na impela mpya (feni ya mpira ya pampu hiyo). Ukimaliza pima tena, kisha jaza oili ya gia namba 90 kwa tundu la chini mpaka itoke juu. Kama sili hazipatikani leo, suuza ndani kwa oili safi. Ukiacha maji humo, beringi zitashika kutu.