Kadi nyekundu ya dakika 20: tunalinda vichwa ama tunalinda TV?

Wadau wa raga, nauweka huu mjadala hapa, mwenye hoja aje nayo na mwenye matusi abaki nayo huko huko.

Tuanze na fainali ya Kombe la Dunia la raga 2023 kule Paris. Dakika ya 28 hivi Sam Cane wa New Zealand anamkaba Jesse Kriel wa Afrika Kusini, bega linafika kichwani, refa Wayne Barnes anatoa njano na kesi inapelekwa kwa yule refa wa video anayekaa chumbani na marudio yake, ana dakika 8 za kuamua. Cane yuko pembeni kwenye kiti anasubiri, mara njano imegeuka nyekundu, mtu wa kwanza kufukuzwa fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, na ndiye kapteni. Kipindi cha pili Siya Kolisi wa Afrika Kusini anagonga kichwa cha Ardie Savea, chumba kilekile, jibu: njano ibaki njano. Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Mpaka leo ukitaka watu wasahau nyama kwenye jiko waanze kurushiana maneno, uliza tu kama zile kesi mbili zilikuwa sawa.

Sasa dawa waliyotuletea World Rugby, wenye mchezo duniani, ndiyo hii nyekundu ya dakika 20, yaani aliyekosa harudi lakini zile dakika zikiisha timu inaingiza mwingine mnakuwa 15 tena. Ufaransa na Ireland walipinga wee, ikapita kama majaribio na kwenye Six Nations, yale mashindano ya timu sita za Ulaya, ya 2025 ikatumika. Hoja ni kwamba eti nyekundu ya zamani, ile ya kucheza 14 mpaka mwisho, inaua mechi. Inaua wapi? Novemba 2025 Lood de Jager alitolewa moja kwa moja kule Paris kabla ya mapumziko, Springboks (Afrika Kusini hao) wakacheza 14 na wakashinda 32-17. Wiki iliyofuata Franco Mostert nje mapema kabisa dhidi ya Italia, wakashinda 32-14. Mimi naona hiyo kadi ni ya kumfurahisha anayeuza matangazo. Haya, nipingeni.

Namba Tisa: Bro umejifunga goli mwenyewe 😂 Huyo Mostert si kamati ya nidhamu ilikaa baadaye ikasema haikuwa nyekundu? Yaani wamecheza zaidi ya saa nzima pungufu kwa kosa ambalo halikufika huko, bahati yao mpinzani alikuwa Italia. Freddie Steward je, Dublin 2023, fulbeki wa Uingereza anajikunja asigongane na mtu, Hugo Keenan wa Ireland anaumia, nyekundu, Uingereza wanalala 29-16, siku chache kadi inafutwa. Nani anakurudishia kile kipindi cha pili? Refa ni binadamu atakosea, basi angalau kosa lake lisile mechi nzima. Na mtu akifanya ushenzi wa makusudi refa bado anaweza kumtoa kabisa, hiyo hawajaiondoa.

Flanka Mstaafu: Nyinyi mnahesabu pointi. Mimi nilicheza ligi ya chini Nairobi miaka kadhaa, na huko hakuna chumba wala marudio, ni refa mmoja na filimbi yake na wale wa bendera. Siku moja loki wetu akapigwa bega la shavu, akainuka, akajipangusa nyasi, akarudi kwenye skramu, kule kusukumana. Mechi imeisha tunavua viatu ananiuliza "tumeshinda?" Nikamwambia tumechapwa. Anafungua kamba ya kiatu cha pili, "tumeshinda?" Tulicheka sana siku hiyo. Siku hizi nikikumbuka sicheki, maana Steve Thompson alibeba Kombe la Dunia 2003 na Uingereza na mwenyewe anasema hakumbuki kubeba, ni mmoja wa wale waliowapeleka World Rugby mahakamani. Kwa hiyo dakika 20 kwangu ni ishara mbaya. Mchezaji wa leo anashuka kiuno kabla ya kukaba kwa sababu anaogopa kuwaachia wenzake mzigo, ukimpunguzia huo woga kesho ataingia amesimama wima.

Namba Tisa: Mzee hapo sikupingi, lakini adhabu si iwe kwa huyo mchezaji basi? Kukaba kichwa kunaanzia wiki 6, ukikiri na kuomba msamaha zinakatwa mpaka nusu, ukienda darasa la kukaba wanakupunguzia mechi nyingine. Hapo ndipo pa kukaza.

Mama wa Winga: Mimi nauliza, nani anaziandika hizi sheria? Owen Farrell wa Uingereza 2023, nyekundu ya kukaba kichwa, kamati ilimsafisha, World Rugby wenyewe wakakata rufaa dhidi ya kamati, akala mechi 4. Kama wenye mchezo hawaelewani sisi tutaelewa nini? Halafu angalieni kura za baraza la World Rugby: Scotland peke yake ina 3, Rugby Africa, shirikisho la bara letu, ina 2. Zimbabwe wamewapiga Namibia 30-28 pale Kampala 2025 wamerudi Kombe la Dunia, ila ile Nations Championship mpya ya timu 12 mlango umefungwa mpaka 2030. Mwanangu anacheza raga shuleni, sheria ya kukaba mwisho wapi mwilini inamhusu kuliko inavyomhusu Cane, na hakuna aliyemuuliza kocha wake.

Mtu wa Kona: Na habari tunazipata wapi? Bila king'amuzi cha kulipia unaona vipande tu mtandaoni, sekunde kumi, polepole, na polepole kila mkabo unafanana na jaribio la kuua. Watu wakaamua kesi kwa hivyo vipande, Barnes na familia yake wakatishiwa baada ya fainali. Magazeti yetu nayo, Shujaa, timu yetu ya Kenya ya wachezaji saba, wakishinda wanapata kona ndogo chini ya uhamisho wa straika wa ligi ya Uingereza.

Nimewasoma wote. Namba Tisa ya Mostert umenibana, nakubali. Ila kuna la benchi hatujaligusa: timu yenye watu wanane wazito pale nje hizo dakika 20 itazivuka, Simbas wetu, timu ya Kenya ya wachezaji 15, watazivukaje? Flanka, yule loki alishawahi kwenda kupimwa?

Flanka Mstaafu: Hapana. Jumamosi iliyofuata alianza mechi.